Magugu ya Mama

Kuna watu wakiachwa peke yao nyumbani hukonda. Mimi hunenepa. Nilimwambia Mama hivyo hivyo siku anaondoka, begi lake likiwa begani kwangu, na nikajipigapiga tumbo mbele ya dada kama mwenye ng'ombe anayesifia mali mnadani.

"Nendeni salama," nikasema. "Mkirudi mtanikuta sipiti mlangoni."

Dada akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anakwenda kutolewa mtoto wa jicho katika mji anakokaa dada, jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye, na tangu ukungu umwingie machoni alikuwa amezoea kukutazama upande wa sikio, kama mtu anayeisikiliza sura yako. Alilitazama sikio langu kwa muda mrefu. Kisha gari likaondoka, nami nikarudi ndani, bwana wa vyumba viwili, sebule na redio.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Nilikula nimesimama. Nililala na soksi. Nilifungulia redio kwa sauti ambayo Mama huiita ya sokoni. Kesho yake asubuhi mkono wangu, kwa mazoea yake wenyewe, ukamimina chai vikombe viwili. Nikavitazama. Nikavinywa vyote viwili ili kile cha pili kisione aibu. Na jioni yake nikagundua kwamba nyumba ikinyamaza sana, bomba la jikoni hudondosha maji kwa sauti ya mtu anayetaka kukuambia jambo halafu anaghairi.

Basi nikatafuta kazi ya kufanya. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nyuma ya nyumba yetu, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani, Mama ana kona yake. Ukiiona utadhani wenye nyumba walihama zamani. Mabua makavu yameinamiana kama walevi wanaosindikizana, majani yameota popote yalipotaka, jivu la jiko limemwagwa huku, maganda ya mboga kule. Nilijua kuwa mboga zetu za porini hutoka pale: mgagani wenye harufu yake ile kali, mnavu wenye vitunda vyeusi, mchunga wenye maziwa na uchungu wa maneno ya kweli. Lakini mimi nilizijua zikiwa kwenye sahani. Zikiwa ardhini hatukuwahi kutambulishwa.

Na msidhani sijui kijani. Mimi ni mchanganya rangi katika duka la rangi. Nitajie kijani chochote cha kwenye kopo, cha jani la chai, cha tango, cha jeshi, nitakuchanganyia mpaka ndege waje kujenga kiota ukutani kwako. Kijani cha kwenye udongo tu ndicho kilichonipiga chenga. Chote kwangu kilikuwa majani.

Nikajiambia: jicho jipya la Mama halistahili kufunguliwa kwenye uchafu. Atarudi akute pamekuwa mahali. Nikang'oa. Nikakwatua. Mabua makavu yalikuwa yamebeba vijiti vyembamba vilivyopasuka nikivigusa na kunimwagia punje nyeusi mikononi. Nikajikung'uta, nikayarundika yote na kuyachoma. Kisha nikalima matuta kwa kamba, yakanyooka kama daftari la mwanafunzi aliyepania kuwa wa kwanza. Na kwa kuwa rangi nyeupe ilibaki dukani na tajiri wangu siku hiyo alikuwa na moyo, nikapaka mawe nikayapanga pembeni.

Jirani yetu akachungulia juu ya ukuta. Ni fundi cherehani, amejaa, ana pini mdomoni tangu nizaliwe na bado hajazimeza. Mtaani anaitwa Mama Vipimo. Mimi ananiita Kasuku, kwa sababu ambazo nadhani mmeshaziona.

"Kasuku! Umefanya nini hapo?"

"Nimesafisha, mama."

"Mama yako amekuagiza?"

"Mtoto mwema hasubiri kuagizwa."

Akayaangalia mawe yangu. "Panapendeza," akasema, na mimi nikaamini, kwa sababu nilisahau kwamba mwanamke yule anajua vitambaa tu. Hata maua anayoyajua ni ya kwenye kanga.

Wiki ile ile Mama akapiga simu. Bandeji imetolewa. "Naona!" alikuwa anapiga kelele. "Naona mpaka vumbi la feni! Dada yako ni mchafu, sikujua!" Nyuma yake nikamsikia dada akilalamika. Tukacheka wote watatu, na kwa dakika ile nyumba yangu ilikuwa na watu.

"Na kona yangu?" Mama akauliza.

"Ipo, Mama."

"Usiishughulikie, baba. Nilisahau kukuambia. Yale mabua makavu ndiyo mbegu yangu yote. Mboga ya porini haipandwi, huachiwa. Mimi huyaacha yakapasuka yenyewe, yakamwaga kila kitu yanapopenda, mimi kazi yangu kuongeza jivu na kunyamaza."

Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa karo. Mawe meupe yalinikenulia meno.

"Zipo zote," nikasema. "Sijagusa."

Ndipo dada akachukua simu. Dada yangu si mtu mbaya, niseme mapema, ana tabia tu ya kuwa na haki. Akasema jicho la kushoto bado, na hata likishatibiwa kuna dawa ya matone, asubuhi, mchana na jioni. Akasema kwake kuna chumba. Akasema angependa Mama abaki huko moja kwa moja.

"Nani atamtia dawa huko?" akaniuliza. "Wewe? Wewe uliyewahi kuunguza chai?"

"Chai haikuungua. Iliiva sana."

"Nipe simu," sauti ya Mama. Kisha karibu zaidi: "Sikilizeni nyote wawili, nisije nikagawanywa kama kitenge. Nitakuja kuchukua nguo zangu. Nikifika siingii ndani, naenda kwanza nyuma. Nikizikuta mboga zangu, narudi nyumbani kwangu, na huyu dada yako atafunga mdomo. Nisipozikuta, nabaki huku. Mtu aliyeshindwa na mboga isiyohitaji mtu, atamweza mama mwenye matone?"

Mdomo wangu una akili yake. Wakati mimi natafuta neno la kusema, wenyewe ukawa umeshasema: "Uje usije, Mama, hata usihangaike. Mimi huku nanenepa tu."

Nikamsikia akihamishia simu sikio la pili.

"Haya," Mama akasema. "Nenepa."

Nilipozima simu, bomba la jikoni likaanza tena kutaka kuniambia jambo.

Kuanzia siku ile nikawa mkulima wa mwitu, cheo ambacho sidhani kama kipo. Nilikwenda nyuma ya karakana ya malori, penye uwanja uliojaa vyuma na majani, nikamkuta fundi mmoja chini ya gari. Nikamuuliza kama anaujua mgagani. Akatoa mkono wenye grisi, akanionyesha kwa spana. "Huo uliousimamia." Nikang'oa miche mizima, mizuri, nikaileta nyumbani nimeipakata kama mtoto wa watu, nikaipanda kwenye matuta yangu. Kufika adhuhuri, miche yote ilikuwa imelala chali. Mboga ile ukiihamisha hununa, na ikinuna haibembelezeki.

Nikajaribu vitunda vya mnavu, nikavikamua na kuvifukia kimstari, kidole kizima chini, ili ndege wasivione. Hata jua halikuviona. Nikajaribu punje za mgagani nilizochuma mbichi nyuma ya malori. Nikamwagilia asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Matuta yangu yakabaki mekundu na manyofu, na hayakutoa chochote.

Kilichoota kilikuwa magugu. Hayo yalikuja kwa wingi: vijani vidogo vya kipuuzi, majani mawili, majani mawili, nje ya mistari yangu. Vingine kwenye njia, vingine kando ya mawe, vingine katikati ya tuta na tuta. Hakuna hata kimoja kilichoheshimu kamba. Nikaving'oa vyote. Kila asubuhi nilichuchumaa nikaving'oa kwa kucha, kimoja kimoja, kwa moyo wa mtu anayejua kwamba akishindwa yote, angalau usafi hatashindwa. Kesho yake vilikuwa vimekuja vingine.

Ni kweli pia kwamba wakati nikiyafanya hayo nilikuwa nikisema neno moja mawili. Ya kikazi. Mtu akimwagilia huwezi kumkuta amenuna kama bubu. Dukani nilikuwa nachangamka kama kawaida, wateja wanacheka, mtu anakuja kutafuta rangi ya kijivu anaondoka na ya chungwa. Lakini saa kumi na moja jioni tajiri anashusha shata, na njia ya kwenda nyumbani nilikuwa nimeirefusha. Nilipitia kwa muuza betri, nikapitia kwa kinyozi nikiwa nimeshanyolewa. Nikifika nilibisha hodi. Sijui kwa nini. Ufunguo ninao mfukoni, nami nabisha hodi, halafu nasubiri kidogo, halafu nafungua.

Chakula kikawa kazi. Kupikia mtu mmoja hakuna kipimo: ukipunguza kinaungua, ukizidisha kinakutazama. Nikawa nakula mkate, nimesimama.

Ndipo suruali zilipoanza fitina.

"Mama Vipimo," nikasema juu ya ukuta, "hii suruali imelegea. Nipunguzie kiuno."

Akanipima. Futi yake baridi ikanizunguka, akavuta, akainua macho, zile pini zikanielekea.

"Kasuku, unakula?"

"Vitambaa vya siku hizi vinavutika, mama."

"Vinavutika kiunoni peke yake?"

"Ndio ubaya wake."

Baada ya muda nikarudi na suruali nyingine, halafu na ile ile ya kwanza. Safari hiyo hakuuliza kitu, alinizungushia futi na kuguna. Nikamwambia, "Lakini hii ni siri, fundi na mteja. Usimwambie Mama kwenye simu."

"Fundi hana siri," akasema. "Fundi ana futi."

Mama alikuwa akipiga jioni. Alianza kwa kuuliza mboga, mimi nikazisifia: mgagani umenifika magotini, mnavu umezaa, mchunga nimelazimika kuukanya. Nikazipamba mboga zisizokuwepo mpaka nikazitamani. Halafu anauliza, "Na wewe?" Nami najibu, "Nanenepa." Kila nilipolisema neno lile, nilisikia anapumua upande wa pili, kisha anaanza kusimulia mambo ya huko: bustani ya jirani wa dada, wajukuu, feni iliyofutwa vumbi. Maneno yake yalikuwa yanahamia huko kidogo kidogo, kama mtu anayehamisha vyombo kwa mkono ili majirani wasijue.

Kisha ikaja Jumapili. Simu ya dada asubuhi: "Tumeshatoka. Tutakuwa hapo mchana."

Nikakimbilia nyuma. Matuta matupu. Nilikuwa nimepalilia jana yake tu, pamesafishika kama sahani iliyolambwa.

Haya yanayofuata nayaandika bila kuyatetea. Nilikwenda sokoni mbio. Nikamkuta mama muuza mboga amepanga mgagani mafungu mafungu juu ya gunia. Nikachukua wote.

"Unapikia harusi?" akaniuliza.

"Mgeni mmoja."

"Basi mgeni huyo ana njaa."

Nyumbani nikayafungua mafungu, nikatoboa ardhi kwa kijiti cha jiko, nikachomeka bua moja moja, nikashindilia udongo, nikanyunyizia maji na kumwaga jivu juu ili pafanane na zamani. Nilikumbuka hata kutopanga mistari. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikafumba jicho moja nusu, kama mgonjwa. Kwa jicho bovu ilikuwa bustani. Kwa jicho zima nilimwomba Mungu alete jua kali la kumfumbisha Mama macho.

Walipofika, Mama hakuingia ndani kweli. Alivaa miwani myeusi mikubwa iliyomfanya aonekane kama mtu aliyekuja kufunga kiwanda. Akanishika mkono, "Hujambo, baba," nami nikamwamkia, na tukazunguka nyumba, yeye mbele, mimi, dada nyuma na mkoba. Nilikuwa nimevaa shati langu pana kuliko yote, nimelitoa nje, chini yake mkanda nilioutoboa matundu mapya kwa msumari.

Akasimama mbele ya kona. Akavua miwani.

"Mawe yana nini?"

"Nimeyapendezesha."

"Mh."

Akachuchumaa taratibu, mkono mmoja kwenye bega langu. Akalishika bua la kwanza, akalivuta kidogo tu, vile mtu anavyoupokea mkono wa mgeni. Likaja lote. Chini hapakuwa na mzizi. Palikuwa na mkato safi wa kisu na, Mungu anisamehe, uzi mwekundu wa fungu.

"Mboga zako zimevaa uzi," Mama akasema.

Dada akafumba mdomo kwa kiganja.

"Mizizi," nikasema, "imekwenda kunywa maji."

Hakuna aliyecheka. Ndiyo mara ya kwanza nilipousikia utani wangu ukianguka chini kama kopo tupu.

Mama akaliweka bua kando. Alikuwa anapapasa udongo, vidole vimetandazwa, macho ameyafumba kabisa kana kwamba lile jipya alinunuliwa la kwendea mjini tu. Vidole vikapita kwenye tuta, vikashuka njiani, vikafika kwenye jiwe jeupe la pembeni na kusimama. Kwenye kivuli cha jiwe kulikuwa na kijani cha kipuuzi, kimefika majani manne.

"Na hiki?"

"Gugu hilo, Mama. Limenipita. Naling'oa sasa hivi."

Nikapeleka mkono. Akanipiga kofi la vidole, lile la utotoni, la mtu anayegusa sukari. Kisha akafikicha jani moja, akanusa, akaniletea vidole puani.

Ilikuwa harufu ya mikono yake. Harufu ya jikoni kwetu mtu akiwa amerudi, sufuria iko motoni na mlango wa nyuma uko wazi. Nilikuwa nimeing'oa kwa kucha na sikuwahi kunusa kucha zangu.

"Mbegu zangu zilishamwagika kabla hujayaondoa mabua," Mama akasema. "Umeng'oa mangapi haya?"

"Yaliyokuwepo."

"Lini?"

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi yameota, kila asubuhi umeng'oa."

"Nilitaka ukute pasafi."

Dada akamgusa bega. Alisema kwa upole, hakuwa na ushindi sautini. "Mama, tuchukue nguo, basi. Ulisema mwenyewe utarudi ukizikuta."

"Nimekuta."

"Kamche kamoja?"

"Sikutaja idadi."

Nikanyoosha mkono kumwinua. Lakini Mama hakuinuka. Alibaki amechuchumaa akikirundikia udongo kile kimche shinani, akifanya polepole kuliko kazi ilivyotaka.

"Mboga nimeikuta," akasema. "Tatizo si mboga. Tatizo ni wewe. Kila nikipiga simu unaniambia unanenepa. Uje usije, Mama, nanenepa. Sasa mimi nirudi kufanya nini kwenye nyumba ya mtu ambaye nisipokuwepo ndipo anastawi? Nije nikukondeshe?"

Kulikuwa na neno pale. Lilikuwa fupi, mtoto wa chekechea angelisema. Mimi, nipewe duka zima la wateja nitaongea hadi jioni. Neno lile nililitafuta mdomoni nikakuta pameshafagiliwa. Nikafanya ninachokijua. Nikasimama, nikatoa kifua, nikajipigapiga tumbo juu ya lile shati pana.

"Lakini ni kweli, Mama. Hebu ona mwenyewe. Sipiti mlango—"

"Kasuku!"

Mama Vipimo alikuwa ametokeza juu ya ukuta, pini mdomoni, suruali yangu imening'inia mkononi mwake kama sungura aliyeshikwa masikio.

"Kasuku, njoo uchukue. Nimepunguza tena, na hii ni mara ya mwisho, mifuko ya nyuma imeshakutana. Ukiendelea kukonda hivyo nitakushonea mkono mmoja wa shati, uingie humo..." Akamwona Mama. Pini zote zikatoka. "Eh! Jirani! Umerudi! Ndiyo maana leo asubuhi sikumsikia huyu akiongea na mchanga. Mimi najua saa kwa yeye, unajua? Kila kukicha anachuchumaa hapo hapo ulipo wewe: 'Shikamoo, Mama. Umelalaje? Leo nimekula, usijali.' Na uongo mtupu, jirani, hajala. Futi yangu haidanganyi."

Akainyoosha suruali juu ya ukuta, wote tuione. Kiuno kilikuwa chembamba kama cha mtoto wa shule.

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya tumbo. Nikafungua mdomo. Kasuku mzima, mdomo wazi, na hakikutoka kitu. Na Mama, pale chini, akageuza uso. Hakulitazama sikio. Alinitazama usoni moja kwa moja, kwa jicho lake jipya, na hakulipepesa.